Mtani wa Mapokezi

Faraji Kibwana alichonga vinu kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka tisa niliyokaa jirani naye sikuwahi kumsikia akitaja bei kabla hajamchokoza mteja. Kwao ni Marui, Kisarawe, huko ndani ambako mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, habari ya gari inakuwa hadithi. Kila baada ya wiki mbili alipakia vinu, michi na mbuzi za kukunia nazi kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akapitia Mzenga na Mlandizi, akashusha Kwa Mathias, kando ya barabara ya Morogoro. Mimi nauza ndoo na mabeseni hatua nne kutoka pale alipopanga vitu vyake. Kwa hiyo haya ninayoyaandika mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine nilielezwa na binti yake Saida, na yaliyobaki nilielezwa na yule aliyeyafanya.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake haikujua kunong'ona. Hakuwa mwema sana wala mbaya sana. Alisali, alivuta sigara kwa kumficha mkewe, na alipenda ubwabwa wa shughuli kuliko shughuli yenyewe. Alichotuzidi sisi wengine ni mdomo. Mteja akisimama, Faraji alimuuliza kwanza kwao wapi. Akiwa Mchaga au Mhaya, alimuuzia kwa adabu, akamfungia mchi wake kwa kamba, wakaagana. Akiwa Mnyamwezi, biashara ilisimama.

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na utani wao una umri mkubwa kuliko hiyo lami. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake, akakunyang'anya kofia kichwani, akakuambia mbele za watu kwamba sura yako imemharibia siku, nawe huruhusiwi kununa. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Faraji aliipenda sheria hiyo kuliko sheria nyingine yoyote ya nchi hii, na kuna siku nilidhani anachonga vinu ili apate tu mahali pa kukaa akiwasubiri Wanyamwezi wapite.

Ndivyo alivyokutana na Aneth. Huyu alikuwa muuguzi, mtu wa Nzega, umri wake miaka thelathini na nne wakati Faraji ana hamsini na saba. Alipanga chumba nyuma ya stendi, na kazi yake ilikuwa idara ya dharura katika hospitali moja ya upande wetu, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa sina ugomvi na kuta. Siku ya kwanza alikuja kutafuta kinu cha kutwangia kisamvu. Alikizungusha, akakigonga kwa vidole, akauliza:

"Mzaramo, hiki umekichonga au umekiguguna?"

"Nimekiguguna, mke wangu," Faraji akajibu, "huku nikikuwaza."

Kuanzia hapo ikawa kila asubuhi. Aneth akipita kwenda kazini alisema, "Shikamoo, mtumwa wangu," naye Faraji akaitikia, "Marahaba, mke wangu, jana umetuulia wangapi huko?" Sisi wa jirani tulikuwa tukisubiri saa ile kama watu wanavyosubiri taarifa ya habari. Mkewe Faraji, Mboni, alipokuja mjini mara moja moja, alimwita Aneth mke mwenza. Alimletea korosho za kubangua mwenyewe, na Aneth akampa asali ya kwao. Walipendana kweli, na ni vizuri jambo hilo lieleweke mapema, kwa sababu hakuna mtu mwenye chuki katika habari hii. Ingekuwepo chuki, labda mtu angekuwa mwangalifu zaidi.

Sasa kuhusu ugonjwa. Kazi ya kuinua magogo ilikuwa imempa Faraji ngiri ya kinena, upande wa kulia, miaka mitatu kabla. Alipoinua kitu kizito ilishuka, akilala chali ilirudi. Aliiita mpangaji. "Mpangaji wangu leo katoka," alisema, kisha akaenda nyuma ya kibanda akamrudisha kwa mkono. Zahanati walimwambia akafanyiwe upasuaji, akasema ataenda akimaliza vinu vya watu walioagiza. Kila mwezi walikuwepo watu walioagiza.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano alikuwa amelala kwa Saida, Zegereni, ambako binti huyo anafanya kazi kiwanda cha mifuko. Baada ya sala ya alfajiri aliinua kinu kikubwa cha mkongo akipeleke kwenye bajaji. Mpangaji akashuka, na safari hiyo akakataa kurudi. Faraji alilala chali, akapandisha miguu ukutani, akasukuma kwa kiganja, akasoma dua. Hakuna kilichobadilika. Kufikia saa moja jasho lilikuwa linamtoka na asubuhi ilikuwa ya baridi. Saida hakwenda kazini. Alimpakia baba yake kwenye ile ile bajaji iliyokuja kuchukua kinu, wakaenda hospitali. Waliingia getini saa mbili na dakika tano. Muda huo mlinzi aliuandika kwenye daftari lake, na daftari hilo nimeliona.

Kwenye meza ya mapokezi ya dharura alikaa Aneth. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuwapanga wagonjwa kwa kadi za rangi. Nyekundu anaingia sasa hivi, njano anasubiri kidogo, kijani anakaa benchi mpaka wenzake waishe. Walitakiwa wauguzi watano, walikuwepo wawili. Nalisema hili kwa kuwa ni kweli, si kwa kuwa linasaidia.

Alimwona Faraji anakuja amejikunja, bega moja kwa Saida, mkono mmoja umeshika chini ya mkanda, na uso wake ukachangamka.

"Mzaramo! Leo umejileta mwenyewe? Nilijua tu, mabusha yatakuleta."

Watu wa kwenye benchi wakacheka. Mtu wa Pwani akitajiwa busha, watu hucheka hata kama wao wenyewe wanalo. Faraji alikisikia kicheko kile, akanyoosha mgongo. Saida anasema aliuona ukinyooka pole pole, akatamani amfinye asijibu.

"Nimekuja kukuposa, mke wangu," akasema. "Nzega mbali, nimeona nikukute hapa hapa."

"Kwa hali hiyo? Si madafu yote uliyokunywa yameshuka huko chini!"

"Yameshuka yakutafute wewe."

Wakacheka tena. Aneth akachukua kalamu.

"Haya, tuache mchezo. Maumivu yako. Moja mpaka kumi, ni ngapi?"

"Kumi na mbili," akasema Faraji. "Na mengine nimeyaacha nyumbani, hayakuenea kwenye bajaji."

Aneth akaandika tatu. Aliniambia mwenyewe: "Niliandika tatu. Nilijua mwenye kumi hapigi soga." Kwenye nafasi ya ugonjwa akaandika busha. Akampa kadi ya kijani.

Saida akainama juu ya meza. "Dada, anaumwa kweli."

"Najua, mdogo wangu. Huyu ni mtu wangu, usiwe na wasiwasi hata kidogo."

Na Saida akaondoa wasiwasi. Nani asingeuondoa? Wangapi wetu tunafika hospitali tukitafuta angalau sura moja ya kutufahamu? Huyu alikuwa amefika akamkuta mtani wa baba yake, anayekula korosho za mama yake, ndiye ameshika kalamu. Wakakaa benchi. Nyuma yao zikaingizwa machela mbili za watu wa pikipiki waliogongana barabarani, damu ikamwagika sakafuni, na Faraji akamtoka Aneth akilini.

Saa tatu na nusu alitapika mara ya kwanza. Saida akaenda mezani. Aneth alikuwa ndani na majeruhi, akamkuta mhudumu mwingine.

"Baba yangu anatapika."

"Anaumwa nini?"

"Tumbo. Huku chini."

"Chini wapi?"

Mtoto wa kike hataji sehemu hizo za baba yake mbele ya mtu, wala hajui ataanzaje, hata angekuwa na shahada mbili. Saida alirudia tu, huku chini. Mhudumu akaangalia kadi, akasoma busha, akacheka kwa pua, akampa karatasi za kupangusia sakafu.

Saa tano alikwenda tena. Safari hii alimpata daktari mwenyewe, kijana anayeitwa Hashiru, akitembea haraka na glavu mkononi. Daktari Hashiru hakusimama. Aliiangalia kadi mkononi mwa Saida, akaona rangi. "Utaitwa, dada. Busha halimuui mtu." Mara ya tatu, saa saba, mlinzi ndiye aliyemrudisha, akamuuliza kama yeye ndiye mjuaji kuliko wote waliokaa. Watu waliokuwa jirani na Faraji walikuwa wameshahamia benchi la pili kwa sababu ya harufu.

Jambo lililomtisha Saida si matapishi. Mpaka saa nne baba yake alikuwa bado anachokoza watu, alimuuliza mzee mmoja mwenye kikohozi kama amemeza jogoo. Saa tano akaacha. Alikaa amejikunja, mikono miwili kinenani, macho yamefumbwa, midomo imekauka. Saida anasema hajawahi kukaa na baba yake katika kimya kirefu kiasi kile, na hakujua mtu anatakiwa afanye nini ndani yake. Alimpepea kwa mtandio.

Saa tisa zamu ya Aneth ilikwisha. Alikwisha kubadili nguo, mkoba begani, anatoka, akamwona.

"Mzaramo! Bado upo? Hata kifo kimekukataa?"

Faraji akafumbua macho. Ilimchukua muda kumtambua.

"Sista," akasema, "naomba msaada wako."

Hakuwahi kumwita Sista. Mke wangu, mchawi, mwizi wa ng'ombe, yote alimwita, Sista hapana. Aneth alipiga magoti palepale kwenye matapishi, akafunua shati, akagusa tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao. Alipoteremsha mkono akakuta uvimbe wa rangi ya zambarau, na akajua si busha, ni utumbo ulionaswa kwenye ngiri, na akajua pia umenaswa kwa muda gani, maana kadi ya kijani ilikuwa na muda juu yake, kwa mwandiko wake.

Kuanzia hapo kila mtu alikimbia. Dripu ikapatikana, machela ikapatikana, Daktari Hashiru akapatikana. Saa kumi na moja walimfungua. Utumbo ulikuwa umeoza, urefu wa kutoka kiwiko mpaka kiganja. Waliukata wakaunga, lakini sumu ilikwisha kuingia kwenye damu. Faraji alikufa Jumatano saa nne asubuhi. Hakusema neno la kuwekwa kwenye fremu. Aliomba maji ya kunywa, wakamwambia bado.

Karatasi waliyopewa ndugu iliandikwa hivi: utumbo ulionaswa, sumu kwenye damu, mgonjwa alichelewa kufika hospitalini.

Nimeisoma sentensi ile mara nyingi na sijapoa mpaka leo. Alichelewa kufika! Getini saa mbili na dakika tano, mpaka sakafu ya mbele ya benchi lao imemfahamu, halafu alichelewa kufika. Aliyeandika hakumwuliza mlinzi wala hakugeuza kadi aone muda. Lakini karatasi ina muhuri, na mwenye muhuri hasutwi.

Kwa hiyo mzigo ukamwangukia Saida. Walimzika Alhamisi Marui baada ya adhuhuri, na kabla udongo haujakauka shangazi zake walishaanza. Eti alikaa naye ndani akimtazama. Aliogopa kukatwa siku moja kiwandani. Watoto wa siku hizi, kazi mbele, mzazi baadaye. Mwingine akatoa methali, mficha maradhi kifo humuumbua, kana kwamba marehemu aliyaficha. Hakuyaficha. Aliyabeba mpaka mezani, akayaweka mbele ya mwenye kalamu. Saida alijitetea. Alimwambia mama yake: tulifika asubuhi, tukakalishwa mpaka saa tisa. Na Mboni, ambaye si mwanamke mkali, alimjibu kwa utulivu kabisa:

"Mke mwenzangu yupo pale mapokezi. Aneth angemwacha baba yako akae saa saba nzima? Usimsingizie mtu."

Tangu siku ile Mboni hakula chakula kilichopakuliwa na mkono wa binti yake. Hakumfukuza, hakumlaani. Aliisogeza tu sahani pembeni.

Ijumaa jioni Aneth alikuja kwangu. Alisimama katikati ya ndoo zangu akanieleza yote, kuanzia ile tatu aliyoiandika mpaka lile tumbo gumu kama ubao. Alisema mkubwa wao wa zamu amewaambia wasiongee na ndugu wa marehemu. Alisema amesikia kutoka kwa dereva wa kirikuu jinsi Saida anavyolaumiwa. Kisha akaniuliza kama aende msibani au asiende.

"Wewe ni mtani wake," nikamwambia. "Unataka atumwe nani?"

Nililisema kwa hasira. Nilikuwa nimekaa na Faraji miaka tisa, na mahali pake palikuwa wazi hatua nne kutoka kwangu, na huyu amesimama ananiomba ruhusa. Kesho yake alfajiri tuliondoka wote wawili, kwenye kirikuu kilichokuwa kinarudisha Marui vinu ambavyo havijauzwa.

Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya tatu, siku ya kuondoa matanga. Wanaume walikaa mbele kwenye turubai, wanawake tulikuwa uani, kati ya jiko la shughuli na nyumba. Mboni alikaa mkekani mlangoni, amejitanda shuka nyeupe ya eda. Tulipoingia, kelele za furaha zikapanda. Mtani kaja! Msiba wa Mzaramo bila watani haukamiliki. Wao huzuia kaburi lisifukiwe mpaka wapewe chochote, wao hulia kilio cha uongo, na siku ya mwisho mmoja wao huvaa nguo za marehemu akamwigiza, mwendo wake na maneno yake, mpaka wafiwa wacheke na roho zirudi mahali pake. Alhamisi walikosekana watani. Watu walikuwa wanamsubiri Aneth tu.

"Mke mwenzangu," Mboni akamwita, "nilijua utakuja. Njoo unionyeshe mume wangu."

Aneth akaingia ndani, akatoka amevaa shati la Faraji la mistari na kofia yake. Vicheko vikaanza hata kabla hajafanya kitu. Akatembea mwendo wake, mabega mbele, tumbo nyuma. Akamsimamia bibi mmoja, akamuuliza kwa ile sauti isiyojua kunong'ona, "Wewe, kwenu wapi?" Uani palilipuka. Mboni alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya shuka, na nilimwona Saida, jikoni, akicheka na kulia pamoja.

Halafu Aneth akajikunja. Mikono miwili ikaenda kinenani. Akalivuta benchi la mbao ambalo wapishi walikuwa wamewekea vyombo, akakaa, akafumba macho. Watu wakaendelea kucheka, wakisubiri. Akafanya kama anayetapika. Wengine wakacheka zaidi, wengine wakaacha. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba hata mwenye kichwa kigumu akaanza kuangalia kulia na kushoto.

Ndipo akasema, kwa sauti yake mwenyewe, macho bado yamefumbwa:

"Alifika saa mbili na dakika tano asubuhi. Mezani nilikaa mimi. Nilimtania, akanijibu, nikampa kadi ya kukaa. Saida alikuja kutuambia mara tatu, hatukumsikiliza. Hakuchelewa yeye wala mwanawe. Nilichelewa mimi."

Shangazi mmoja akainuka, "Mtani, huu utani gani sasa," na wengine wakaanza kuguna nyuma yake, na ningekuwa muongo nikisema sikufurahi kuona anaguniwa. Mboni akanyoosha mkono.

"Mwacheni."

Wakaacha.

"Alikaa mpaka saa ngapi?" akauliza.

"Saa tisa."

"Hivyo hivyo ulivyokaa?"

"Hivyo hivyo."

"Basi kaa," Mboni akasema.

Hakulisema kwa hasira. Mtani hakasirikiwi, na Mboni aliishika sheria hiyo kama mumewe alivyoishika. Hakuna aliyemtukana Aneth wala kumgusa. Alitakiwa tu amalize alichokianza. Ilikuwa saa tatu na dakika chache.

Akakaa. Mchele ukachaguliwa, ukaoshwa, ukapikwa pembeni yake. Wanawake walipita na masufuria wakimzunguka kama watu wanavyozunguka kitu kilichowekwa njiani. Moshi ulipogeukia upande wake alikohoa, hakuhama. Jua lilipopanda kivuli kikaondoka juu ya benchi. Mimi nilitaka akae, niseme ukweli. Saa sita nikaanza kutotaka. Saa saba nilikuwa namwangalia Mboni kwa macho ya kuomba, naye haniangalii. Baada ya sala ya adhuhuri sinia ikaletwa mlangoni. Mboni akamwita Saida, akamwambia, "Pakua." Saida akapakua. Mama yake akala, tonge baada ya tonge, kisha akamvuta akae mkekani wale pamoja. Shangazi wote walikuwa wamepata kazi ghafla ya kuosha vyombo.

Saa nane Aneth aliinama mbele zaidi, na sidhani kama bado alikuwa anaigiza. Saa tisa watu wa mbali walianza kuaga. Kila aliyepita alimwona, akauliza kwa ishara, akajibiwa kwa ishara, akaenda zake.

Adhana ya alasiri ilipokwisha, Mboni aliinuka mkekani. Akavuka ua na shuka yake nyeupe, akachuchumaa mbele ya benchi, uso wake chini kidogo ya uso wa Aneth.

"Unaumwa wapi?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua.

Aneth akafumbua macho. Akashika kinena, upande wa kulia.

"Hapa."

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri."

Mboni akaweka kiganja chake pale pale, juu ya shati la mumewe, akakibonyeza taratibu. Kisha akamshika Aneth mkono akamwinua.

Mimi nilikuwa nimevaa saa. Kuuliza, kujibiwa na kugusa, vyote vilichukua chini ya dakika moja.